Maswali ya Wasomaji: Kilele cha Resonansi kwenye Vipande vya Magnetoelektriki

Kipande cha magnetoelektriki cha matabaka ni ndoa ya vitu viwili. Tabaka la kwanza hubadili urefu wake likiwekwa kwenye uga wa sumaku. La pili hutoa umeme likivutwa au kubanwa. Gundi ndiyo mshenga. Tusikichanganye na sumaku-umeme, yaani koili yenye kiini cha chuma: majina yanakaribiana, kazi ni tofauti kabisa. Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu jambo moja, nalo ni kile kilele kirefu kinachojitokeza masafa yanapolingana na mtetemo wa asili wa kipande. Kukiona ni rahisi. Kujua kama ni chenyewe ndiko kwenye kazi.

SWALI: Kwa nini kipande kile kile hutoa milivolti chache kwenye 1 kHz, halafu huruka mara kumi au mara mia kwenye masafa fulani tu?

Mbali na resonansi, tabaka la sumaku linarefuka na kufupika kwa kiasi kile tu ambacho uga unaliamuru, na PZT, yaani kauri ya tabaka la pili inayotoa umeme, linafuata. Kwenye resonansi, nishati ya kila mzunguko hujikusanya juu ya ile ya mizunguko iliyotangulia, mpaka kiasi kinachoingia kilingane na kinachopotea kwenye gundi, hewani na kwenye vishikio. Ongezeko hilo hukaribia kigezo cha ubora, Q, yaani masafa ya kilele kugawanywa kwa upana wake pale ishara inapobaki 0.707 ya kilele. Kipande kilichobandikwa vizuri kikiwa na Q ya 100, basi tegemea ongezeko la karibu mara mia.

Kipimo tunachotumia ni volti kwa sentimita kwa oersted, V/cm·Oe. Ukipata milivolti 100 kwenye PZT yenye unene wa mm 0.5 kwa uga wa 1 Oe, gawanya 0.1 kwa 0.05: unapata 2 V/cm·Oe. Ili uwe na cha kulinganishia: diski za Terfenol-D (aloi inayorefuka sana kwa sumaku) na PZT zilizotangazwa mwaka 2001 zilifika 4.68 V/cm·Oe nje ya resonansi, na mwaka 2006 tepe za Metglas (metali nyembamba ya sumaku) zenye nyuzi za piezo (za kutoa umeme) zikafika 22 V/cm·Oe kwenye masafa ya chini. Ukiona namba kubwa mno kwenye ripoti, angalia kwanza kama ilipimwa kwenye kilele au nje yake. Namba hizo mbili haziwekwi kwenye jedwali moja.

SWALI: Nina bamba la PZT-5A la mm 40 kwa 10, unene mm 0.5. Nimelibandika nikeli ya vipimo hivyo hivyo upande mmoja tu. Hesabu ya v/2L, kasi ya sauti kugawanywa kwa mara mbili ya urefu, inanipa karibu 50 kHz, lakini kilele nakiona karibu na 2.3 kHz. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote. Kipande chako kina resonansi zote mbili, na wewe umehesabu moja ukapima nyingine.

Tuanze na ile ya urefu. Moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu) ya PZT-5A kwa upande wa urefu ni karibu GPa 61 na densiti yake kilo 7,750 kwa mita ya ujazo. Nikeli ni GPa 200 na kilo 8,900. Kwa kuwa unene ni nusu kwa nusu, wastani ni GPa 130.5 na kilo 8,325. Kasi ya sauti ni kipeuo cha pili cha moduli kugawanywa kwa densiti, yaani karibu mita 3,960 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu, mita 0.08, upate 49.5 kHz.

Sasa ile ya kupinda. Umebandika nikeli upande mmoja, kwa hiyo nikeli ikifupika PZT haina budi kupinda, kama mbao mbichi inayokauka upande mmoja. Hapa kinachotawala ni ukakamavu wa kupinda, na ili kuupata lazima kwanza ujue mstari tulivu uko wapi, ule ambao kipande kikipinda wenyewe haurefuki wala haufupiki. Pima kutoka uso wa nje wa nikeli. Kitovu cha nikeli kiko mm 0.25, cha PZT mm 0.75. Vipe uzito kwa moduli zao: (200 × 0.25 + 61 × 0.75) ÷ 261 = mm 0.367. Nikeli ina unene wa mm 0.5, kwa hiyo mstari tulivu umeangukia ndani ya nikeli.

Hapo ndipo ulipobahatika. PZT yako yote iko upande mmoja wa mstari huo: ikivutwa, inavutwa yote, ikibanwa, inabanwa yote, na chaji zote zinajumlishwa. Angalia kinachotokea ukitumia PZT nene ya mm 1 na nikeli nyembamba ya mm 0.1. Mstari tulivu unahamia mm 0.464, ndani ya PZT yenyewe. Sehemu iliyo chini ya mstari inabanwa wakati ya juu inavutwa, na sehemu kubwa ya chaji inajifuta ndani kwa ndani kabla haijafika kwenye waya. Watu wengi hulaumu gundi hapo, kumbe kosa lilikuwa kwenye unene tangu mwanzo.

Tukiendelea na kipande chako: ukakamavu D unatoka karibu N·m 8.56 kwa kila mita ya upana, na uzito m ni kilo 8.325 kwa mita ya mraba. Kwa kipande kilicho huru ncha zote mbili, f = (3.56 ÷ L²) × √(D ÷ m). Weka L = 0.04, unapata karibu 2,260 Hz. Ulichopima ndicho hicho.

Mtetemo wa pili wa kupinda, karibu 6.2 kHz, usiusubiri: nusu moja ya kipande inapinda juu na nyingine chini, na elektrodi iliyofunika uso mzima hujumlisha sifuri. Wa tatu, karibu 12.2 kHz, unaweza kuonekana kwa unyonge. Ukitaka kupinda kuondoke kabisa, gawa nikeli mara mbili, mm 0.25 kila upande wa PZT. Mkate wa namna hiyo una ulinganifu, haupindi, na 49.5 kHz inabaki pale pale.

Kuhusu kukishika: kwa kupinda, vifundo, yaani sehemu zisizosogea, viko 0.224 ya urefu kutoka kila ncha, kwako ni mm 9. Laza kipande juu ya nyuzi mbili nyembamba hapo. Kwa mtetemo wa urefu, kifundo ni katikati, mm 20. Waya wa shaba wa mm 0.1 unatosha, nao ungeunganishwa karibu na kifundo iwezekanavyo. Kibanio cha meno ya mamba kikining'inia kwenye ncha hushusha masafa na kuua Q kwa pamoja.

SWALI: Naomba utaratibu wa kubandika. Vipande vyangu vitatu, vilivyokatwa kutoka bamba moja, vina vilele vitatu tofauti.

Tofauti ya namna hiyo karibu kila mara hutoka kwenye gundi. Fanya hivi.

Kwaruza uso wa nikeli kwa msasa namba 600 mpaka mng'ao upotee. Fedha iliyo juu ya PZT, yaani elektrodi yake, usiikwaruze kwa nguvu, ipitishie mara moja tu. Safisha nyuso zote kwa asetoni kisha alkoholi ya isopropili, na kuanzia hapo usiguse kwa vidole. Tumia epoksi ya kukauka polepole. Ile ya dakika tano huanza kushika kabla ziada haijakamuliwa nje, na hubaki laini zaidi. Pima sehemu zake mbili kwa mizani, koroga taratibu, iache mapovu yapande.

Weka tone katikati, shusha bamba la pili juu yake, sukuma kutoka katikati kwenda kingo. Sogeza nikeli mm 2 ili mkia wa fedha ubaki wazi, utauhitaji. Funga kwa karatasi ya polithini, weka kati ya vioo viwili vinene, pandisha uzito wa kilo 4. Kwa eneo la sentimita za mraba 4, hiyo ni shinikizo la karibu MPa 0.1. Acha saa 24.

Joto la kuharakisha lina gharama. Nikeli hutanuka kwa joto mara mbili hadi tatu zaidi ya PZT, kwa hiyo kipande kilichokaukia kwenye joto kali hujikunja kinapopoa na kubaki na msongo wa kudumu. Isitoshe PZT-5H hupoteza polarizesheni yake yote (mpangilio wa ndani unaoiwezesha kutoa umeme) karibu na nyuzi 190 za Selsiasi, na huanza kudhoofika mapema kabla ya hapo. PZT-5A huvumilia zaidi, kikomo chake ni karibu nyuzi 350. Kwa sababu hiyo hiyo tunapendelea kuunganisha waya kwa gundi ya fedha kuliko lehemu. Kama ni lazima kulehemu, gusa kwa sekunde moja au mbili, si zaidi.

Ikikauka, pima unene wote kwa maikromita na utoe unene wa mabamba. Kinachobaki ni gundi, na kiwe mikromita 10 hadi 20. Epoksi ina moduli ya karibu GPa 3 mbele ya 200 za nikeli. Ikiwa nene, yenyewe ndiyo inayojinyonga huku PZT ikibaki imetulia, hasa karibu na ncha. Dalili yake ni kilele kifupi, kipana, kilichoteremka masafa. Povu lililonaswa ndani huja na dalili nyingine: kilele kinagawanyika, au kinaota kidogo ubavuni.

Kipimo cha mwisho, na tunakiamini kuliko vingine vyote, ni kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji. PZT yako, kwa permitiviti ya 1,700, inapaswa kusoma karibu nF 12. Watu hubana waya kwenye nikeli badala ya fedha, halafu mita inawasomea chini ya nF 1. Hesabu yake ni hii: gundi ya mikromita 10 peke yake ni kapasita ya karibu nF 1.4, na zikiwa mbili, kila upande moja, mfululizo wote unashuka hadi karibu nF 0.67. Kwenye chanzo kidogo namna hiyo, kebo ya mita moja yenye pF 100 tayari inakula sehemu inayoonekana ya volteji. Ndiyo maana ya ule mkia wa mm 2.

SWALI: Nina jozi ya koili za Helmholtz (mbili zinazotazamana ili kutoa uga sawasawa), mizunguko 600 kila moja, nusu kipenyo cm 5. Kilele kizuri kinatokea 32 kHz. Tatizo, kinatokea hata nikitoa kipande.

Hicho ni kilele cha koili zako. Jozi ya ukubwa huo yenye mizunguko 50 kila upande ina induktansi (ukaidi wa koili kwa mkondo unaobadilika) ya karibu mH 0.85. Induktansi hukua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo 600 inakupa karibu H 0.12. Kebo na nyaya zilizobanana zikichangia pF 200, resonansi ya umeme inaangukia hapo hapo kwenye 32 kHz. Huwezi kupima kitu cha 49.5 kHz kwa koili iliyokwisha kupita resonansi yake.

Zifungue, funga mizunguko 50. Uga wake ni H = 0.7155 × N × I ÷ R, hivyo kwa 1 Oe, ambayo ni A/m 79.6, unahitaji A 0.11. Kwenye 50 kHz koili hizo zina impidansi (ukinzani kwa mkondo unaobadilika) ya karibu ohm 270, na A 0.11 zingedai volti 30. Usijitese: pima kwa 0.1 Oe, mA 11, volti 3 zinatosha. Na usidhani kwamba volteji ya jenereta isipobadilika basi na uga haubadiliki. Mkondo unashuka kila masafa yanapopanda. Weka rezista ya ohm 1 mfululizo na koili, soma volteji yake kwenye kila hatua, kisha gawanya ishara kwa mkondo huo.

Kuna mwizi mwingine, mdogo na mjanja. Waya zinazotoka kwenye kipande hutengeneza kitanzi, na kitanzi chochote ndani ya uga unaobadilika hutoa volteji. Kitanzi cha sentimita moja ya mraba, kwa 1 Oe na 50 kHz, kinatoa karibu milivolti 3, navyo vinapanda sawia na masafa. Sokota waya hadi mlangoni mwa kipande.

Halafu fanya jaribio la kugeuza. Geuza mwelekeo wa uga tuli, ule wa sumaku ya kudumu, bila kugusa kingine chochote. Ishara halisi ya magnetoelektriki hugeuka fezi kwa nyuzi 180 (juu huwa chini), kwa sababu mteremko wa kurefuka kwa sumaku umebadili alama. Ishara ya kitanzi haijali, inabaki ilivyo. Chukua vipimo viwili, toa kimoja kwa kingine pamoja na fezi zake, gawanya kwa mbili: kilichobaki ni cha kipande. Nikeli ina kumbukumbu, kwa hiyo kila ukigeuza, peleka kwanza uga juu hadi nikeli ishibe usumaku kisha rudi kwenye thamani ile ile.

SWALI: Bila sumaku ya kudumu napata kilele kwenye 24.75 kHz, nusu kamili ya kile cha kawaida. Inawezekanaje?

Karibu na uga sifuri, urefu hubadilika kwa mraba wa uga. Uga ukienda chanya au hasi, nikeli inafupika tu. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa sumaku unazaa mizunguko miwili ya mtetemo, na ukiendesha kwa 24.75 kipande kinatetemeka kwa 49.5. Angalia masafa ya volteji inayotoka, utaiona ni maradufu. Uga tuli kazi yake ni kukusogeza hadi pale mteremko ulipo mkali. Kwa nikeli tafuta makumi ya oersted hadi karibu mia, kwa Metglas ni oersted chache hadi makumi, kwa Terfenol-D ni mamia na kuendelea. Umbo la kipande husogeza namba hizi, kwa hiyo tafuta ya kwako kwa kusogeza sumaku hatua kwa hatua.

Kila ukibadili uga tuli, tafuta upya na masafa. Moduli ya tabaka la sumaku hubadilika na uga, na kilele kinasogea nayo. Mtu aliyefunga jenereta kwenye masafa mamoja huku anasogeza sumaku anapima mambo mawili kwa wakati mmoja, na mchoro wake wa uga bora unakuwa wa uongo.

SWALI: Kichanganuzi cha impidansi kinaonyesha resonansi 49.5 kHz. Volteji ya juu kabisa naipata karibu 50.05 kHz. Nimwamini nani?

Wote wawili. Impidansi ya chini kabisa iko kwenye resonansi. Ya juu kabisa iko kwenye resonansi kinyume, hatua kidogo juu yake. Ukipima kwa mzunguko ulio wazi, kwa kifaa chenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, kilele cha volteji kinakaa kwenye resonansi kinyume. Ukifunga ncha mbili na kupima mkondo, kinakaa kwenye resonansi. Rezista yoyote katikati hukiweka katikati. Tofauti hiyo ni taarifa ya bure: 1 − (49.5 ÷ 50.05)² inatoa karibu 0.022, na kipeuo chake, 0.15, ndicho kigezo cha muungano wa kipande chako chote. PZT-5A yenyewe ina karibu 0.34. Iliyopungua imemezwa na nikeli, ambayo inabeba zaidi ya robo tatu ya ukakamavu bila kuzalisha chaji yoyote.

SWALI: Nikiongeza unene wa nikeli, ishara ya 50 kHz haiongezeki. Kwa nini?

Mikondo ya kuzunguka ndani ya metali huufukuza uga. Kwa nikeli yenye upenyezaji wa sumaku wa 100, uga wa 50 kHz huingia mikromita 60 hivi tu kutoka kila uso. Bamba la mm 0.25 lina kiini kisichosikia kitu, ni mzigo mtupu. Kwenye 2.3 kHz uga huingia karibu mikromita 280, ndiyo maana kupinda kunaikubali nikeli nene. Kwa masafa ya juu, panga karatasi nyembamba zilizotenganishwa na gundi, au tumia Metglas, ambayo utepe wake una mikromita 25 hivi kutoka kiwandani.

SWALI: Nikipandisha masafa kilele kiko juu kidogo, nikishusha kiko chini kidogo. Ni nikeli yenye kumbukumbu?

Angalia kwanza kasi yako. Mtetemo huchukua muda kujaa, na kipimo chake ni Q ÷ (π × f). Kwa Q ya 100 kwenye 49.5 kHz ni milisekunde 0.6, hutaona kitu. Kwa kupinda kwenye 2.3 kHz, kipande safi chenye Q ya 1,000 ndani ya ombwe kinahitaji milisekunde 140, na ungoje mara tano ya hiyo kwenye kila hatua kabla ya kusoma. Hatua yenyewe iwe sehemu ya kumi ya upana wa kilele: kwa 49.5 kHz na Q ya 100, Hz 50.

Ukishapunguza kasi na tofauti bado ipo, punguza uga unaobadilika kwa nusu, kisha nusu tena. Kilele kikinyooka, ulikuwa unaendesha kwa nguvu mno na kilele kilikuwa kimeanza kulala upande. Kisiponyooka hata kwenye uga mdogo, rudi kwenye uga tuli na uufikie kila mara kutoka upande mmoja.